KONGWA: MJI MDOGO ULIOONA MAJESHI MATATU

Msafiri atokaye Morogoro kwenda Dodoma kwa barabara kuu, katika nchi jirani ya Tanzania, hupita Kibaigwa penye soko kubwa la mahindi, kisha hufika mahali paitwapo Mbande. Hapo njia hugawanyika. Mabasi na malori yaendayo makao makuu ya nchi hushika mbele. Mwenye kushika njia ya kusini, kuelekea milima ya Kiboriani, hufika baada ya mwendo mfupi katika mji wa Kongwa, makao makuu ya wilaya yenye jina hilo hilo katika Mkoa wa Dodoma.

Kwa macho ya mgeni, mji huu ni kama miji mingine mingi ya bara: maduka yaliyopangana kando ya barabara, ofisi za serikali, shule, nyumba za ibada, na mibuyu minene iliyosimama uwandani kana kwamba inalinda zamu. Hakuna bango kubwa limwambialo mpita njia kwamba amekanyaga mahali pa historia. Hata hivyo, katika muda usiofika miaka hamsini, nchi hii iliona majeshi matatu. La kwanza lilikuja vitani, likachukua. La pili lilikuja na matrekta, likitaka kulima. La tatu lilikuja kuomba hifadhi. Kila askari, kila polisi, na kila familia iishiyo kambini ina jambo la kujifunza katika tofauti ya majeshi hayo.

NCHI YA WAGOGO

Wenyeji wa Kongwa ni Wagogo. Mgeni akisalimiwa “Mbukwa” na ajue kwamba amekaribishwa. Wakiwa watu wengi, salamu huwa “Mbukwenyi”. Ni wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na ni wakulima wa mtama na uwele. Hawakuchagua mazao hayo kwa kubahatisha. Mvua ya Ugogo hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili, na hata katika miezi hiyo huweza kukatika kwa majuma kadhaa huku mimea ikisubiri. Mtama na uwele huvumilia kiu hiyo, na ng'ombe huwa ni akiba ya nyumba mwaka shamba linapokataa kutoa.

Reli ya Kati iliwakuta wakiishi hivyo. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Haikupita Kongwa penyewe. Ilipita upande wa kusini, kwenye stesheni kama Gulwe na Msagali. Lakini reli ipitapo jirani, habari za dunia nazo huwa jirani, njema na mbaya.

Habari mbaya zilitangulia. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yakiongozwa na Jenerali van Deventer wa Afrika Kusini yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai, na katika Agosti yakashika Mpwapwa na Kilosa yakiifuata reli. Wajerumani kabla yao, na Waingereza baada yao, walihitaji nyama, nafaka na wapagazi, na vyote hivyo walivichukua kwa wananchi. Jina la Kariakoo, lijulikanalo Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya wapagazi hao. Ng'ombe walipokwisha zizini na vijana walipokwisha kijijini, mvua nayo ikakosekana. Ikaja njaa ya mwaka 1918 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Maelfu ya watu walikufa. Hivyo ndivyo Ugogo ulivyomjua mgeni aliyevaa sare kwa mara ya kwanza katika karne hiyo.

JESHI LA KARANGA

Miaka ipatayo thelathini baadaye, Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha na Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, alipendekeza kwamba karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine na kwa wingi usiopata kuonekana. Serikali ilituma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa majuma tisa, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukaandika taarifa: yafunguliwe mashamba 107, kila moja la ekari 30,000, katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Jumla yake ilikuwa zaidi ya ekari milioni tatu, na gharama ilikisiwa kuwa pauni milioni 24. John Strachey, Waziri wa Chakula, aliukubali mpango huo.

Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Mapema mwaka 1947 wageni wakaanza kuwasili. Wengi wao walikuwa askari waliotoka vitani, na watu wakawaita “jeshi la karanga”. Jina hilo halikuwa la mzaha mtupu. Meneja mkuu aliyeletwa kuongoza kazi hiyo alikuwa Meja Jenerali Desmond Harrison. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya jeshi la Marekani, yaliyonunuliwa Filipino yakiwa yamekwisha kuchakaa. Baadaye yaliletwa mengine, yaitwayo Shervick, ambayo yaliundwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyotumika vitani. Matrekta mawili yalifungwa mnyororo mzito kama wa nanga ya meli, yakaenda sambamba, na mnyororo ukang'oa vichaka vyote vilivyokuwa katikati.

Vichaka viling'oka, lakini mizizi ilibaki chini ikavunja majembe ya chuma. Mibuyu ilikuwa na nyuki ndani ya matumbo yake, nao hawakuiheshimu amri ya jenerali yeyote. Mchanga mkali wa nchi hii ulisaga vyuma kama tupa. Yalikusudiwa kulimwa mashamba ya ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza. Zilizopandwa zilikuwa kiasi cha ekari 7,500 tu.

Adui mkubwa, hata hivyo, alikuwa udongo wenyewe. Kila mama aliyewahi kulima karanga ajua jinsi zinavyozaa: ua huchanua juu, kisha kikonyo huinama na kujichimbia ardhini, na punje hukua humo gizani. Kwa hiyo karanga hutaka udongo tifutifu, wakati wa kuzaa na wakati wa kuvuna. Udongo mwekundu wa Kongwa, mvua ikikatika, hugeuka mgumu kama saruji. Mahali ambapo karanga zilikubali kuzaa, kuzichomoa kwa mashine ikawa ni tatizo la pili. Wakajaribu alizeti, na jua likaichoma.

Jambo la kusikitisha ni kwamba elimu ya mambo hayo ilikuwapo pale pale. Wagogo walijua ni miaka mingapi katika kumi mvua hutosha, na ni bonde lipi hukaa na unyevu. Wajumbe waliokuwa wakitazama nchi kutoka angani hawakuwa na muda wa kuketi na wazee. Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango mkuu, na zaidi ya pauni milioni 35 zikahesabiwa kuwa zimepotea. Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya mpango huo, alikuwa amekwisha kujiuzulu na kutoa kitabu juu yake mwaka 1950.

RELI YA MSAGALI

Kwa ajili ya karanga hizo lilijengwa tawi la reli kutoka Msagali, kwenye Reli ya Kati, kuja hadi Kongwa. Kwa muda mfupi, mji ambao haukuwa na reli ulisikia honi ya gari moshi. Yaliletwa matrekta, vipuri, mafuta, saruji, vyakula vya makopo, na watu. Vijana walikuja kutoka mbali kutafuta kazi ya mshahara. Familia za Wazungu zilikuja na watoto wao, na ikafunguliwa shule kwa ajili ya watoto hao. Shule hiyo ilidumu hadi mwaka 1958, kisha ikahamishiwa Iringa.

Reli pia ilikuwa njia ya mambo ambayo wakubwa hawakuyaagiza. Mwezi Septemba 1947 wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa sababu ya mishahara midogo na ughali wa maisha. Mgomo huo ulipanda bara kwa kuifuata reli, stesheni kwa stesheni, na ukawafundisha wafanyakazi wa Tanganyika nguvu ya umoja wao.

Tena reli hiyo ilikuwa na adui yake. Mwaka ule ule wa 1947 mto Kinyasungwe ulifurika ghafula ukaisomba njia ya gari moshi, na Kongwa ikabaki kutegemea barabara ya vumbi. Mto huo haujaacha tabia yake: mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mafuriko yaliiharibu tena Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe. Ama tawi la Msagali, mpango wa karanga ulipokufa nalo halikuwa na mzigo wa kubeba. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 stesheni ya Kongwa ilikuwa jengo tupu, na vichaka vilikuwa vimerudi.

WAGENI WALIOOMBA HIFADHI

Mwezi Mei 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulizaliwa Addis Ababa, na Kamati yake ya Ukombozi ikawekwa Dar es Salaam. Nchi za kusini mwa Afrika zilikuwa bado zimekaliwa, na vijana wao waliokuwa wakirudi kutoka mafunzoni katika nchi za ng'ambo walihitaji mahali pa kukaa. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilitoa ardhi Kongwa, kwenye stesheni ile iliyoachwa na majengo machache yaliyochakaa ya mpango wa karanga.

FRELIMO ya Msumbiji ilitangulia kufika, mwaka 1964. Msimamizi wa kambi yao alikuwa kijana aliyewahi kuwa muuguzi, ambaye alikuwa amerudi kutoka mafunzoni Algeria: Samora Machel. Mwaka huo huo, tarehe 25 Septemba, FRELIMO ilianza vita vya ukombozi. Baadaye wakaja wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola, kila chama na sehemu yake. Chris Hani alikaa hapa. Wapiganaji wa kwanza wa SWAPO waliokwenda kufungua vita nchini mwao waliondoka hapa mwaka 1965. Tarehe 26 Agosti 1966 walishambuliwa katika kambi yao ya Omugulugwombashe, na siku hiyo Namibia huiadhimisha hadi leo kuwa Siku ya Mashujaa.

Mwenye kupenda historia na alinganishe. Mwaka 1916 watu wa Afrika Kusini waliingia Ugogo wakiwa jeshi la himaya, wakala akiba ya wenyeji. Mwaka 1964 watu wa Afrika Kusini waliingia tena, safari hii wakiwa hawana nchi, wakaomba maji na ujirani. Wagogo, ambao wazee wao waliikumbuka Mtunya kwa macho yao, walikuwa na kila sababu ya kumwogopa mwenye bunduki. Lakini waliwapokea.

Maisha ya kambini hayakuwa mepesi. Mpiganaji aliyefunzwa kurusha bunduki alikaa miezi, wengine miaka, akingoja amri ya kwenda mbele. Kungoja ni kazi ngumu kuliko kupigana, na kila askari aliyewahi kulinda mpaka ulio kimya aijua. Ugomvi ulitokea, manung'uniko yalitokea, na wakubwa wa vyama walikuwa na kazi ya kuitunza nidhamu. Wapiganaji walichota maji, walipika, walilima bustani ili kuongeza posho, na walikwenda mjini kununua na kuuza kama jirani yeyote. Wenyeji waliwafundisha lugha ya Kiswahili na wakawafundisha pia kula mlenda.

Kutoka katika kambi zile zilizojengwa juu ya mabaki ya mpango ulioshindwa, watu walitoka wakashinda. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na Samora Machel akawa Rais wake wa kwanza. Angola ilifuata Novemba mwaka huo huo, Zimbabwe mwaka 1980, Namibia mwaka 1990, na mwaka 1994 Afrika Kusini ikapiga kura ya watu wote.

WALIOBAKI NYUMA

Ukurasa huu ni wa nyumbani, na kwa hiyo haufai kuishia kwenye mabendera. Palipo na askari vijana na mji, pana mapenzi, na palipo na mapenzi huzaliwa watoto. Baadhi ya wapiganaji walioa Kongwa, na wengine walizaa bila ya kuoa. Kisha amri ikaja usiku, na lori likaondoka. Katika mwaka 1967, kwa mfano, baadhi ya vijana wa ANC waliokuwa wamekaa Kongwa walivuka mto Zambezi kutoka Zambia pamoja na wenzao wa ZAPU, na wengi hawakurudi.

Mwanamke aliyebaki Kongwa hakuletewa barua wala mshahara wa mume. Mara nyingi hakujua hata jina la kweli la baba wa mtoto wake, maana wapiganaji walitumia majina ya kivita kwa ajili ya usalama. Alilea kwa jembe lake na kwa msaada wa ndugu zake. Watoto hao leo ni watu wazima wenye wajukuu, na wako ambao mpaka uzee wao waliendelea kutaka kujua ukoo wa baba. Uhuru wa nchi za kusini una deni kwao ambalo halikuandikwa katika daftari la kamati yoyote.

Hapa pana neno kwa askari wa leo, awe kijana wa doria au ofisa wa makao makuu. Mtu akiwa na mke, na amsajili. Akiwa na mtoto, na amtambue kwa jina na kwa hati, akiwa bado hai na karibu. Karatasi moja iliyowekwa vizuri sandukuni huweza kumwokoa mjane na yatima katika siku ambayo lori halikurudi.

Kongwa pia kuna makaburi ya wapigania uhuru waliofia ugenini kabla ya kuiona nchi waliyoipigania. Tanzania imekuwa ikiiingiza Kongwa katika programu ya urithi wa ukombozi wa Afrika, ili mahali hapa pahifadhiwe na wageni wapate kupazuru.

KARANGA ZA LEO

Je, karanga zilikwenda wapi? Hilo ndilo jambo liwezalo kumchekesha mgeni. Baada ya mpango kufa, sehemu ya ardhi iliyofyekwa iligeuzwa malisho, na ranchi ya Kongwa, iliyo chini ya kampuni ya taifa ya ranchi, hufuga ng'ombe hadi leo. Lakini karanga nazo hulimwa Kongwa. Hulimwa na wakulima wadogo, ekari mbili hapa, ekari tatu pale, katika mashamba ambayo mwenyewe anaujua udongo wake, na pembeni ameweka mtama au uwele kama kinga.

Akina mama wanaonunua karanga kwa kopo sokoni na wakumbuke tahadhari moja. Karanga zilizochelewa kuvunwa, zilizopasuka maganda, au zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo ndani ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha na kukaanga kwa kawaida hakuiondoi. Kwa hiyo karanga zianikwe juu ya mkeka au turubai, si juu ya ardhi tupu. Zisiloweshwe ili zibanguke kwa urahisi. Na kabla ya kusagwa kwa uji wa mtoto zichambuliwe moja moja. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu zitupwe. Wasipewe kuku wala ng'ombe, kwani sumu huweza kurudi mezani kwa njia ya mayai na maziwa.

KWA MWENYE KUTAKA KUFIKA

Kongwa iko mashariki ya Dodoma, mwendo wa saa chache kwa gari. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na kutoka huko mgeni hupata basi la kurudi upande wa mashariki hadi Mbande na Kongwa. Miezi ya Mei hadi Oktoba ni ya ukavu, na barabara za ndani hupitika. Lakini upepo ni mwingi na vumbi halina huruma, basi mwenye watoto wadogo achukue vitambaa na maji ya kutosha. Kabla ya kwenda kwenye eneo la kambi ya zamani au makaburini, afike kwanza ofisi za wilaya kujitambulisha. Asiokote kipande cha chuma wala tofali kuwa ukumbusho.

Tena asiwe na haraka. Akipata mzee wa kuketi naye chini ya mbuyu, amsikilize. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na Kongwa iliwapokea wageni mara tatu. Wa kwanza walimwacha mwenyeji na njaa. Wa pili walikuwa na fedha, mashine na jenerali, ila hawakumwuliza mwenyeji lolote juu ya mvua yake. Wa tatu walikuja mikono mitupu, wakauliza maji yako wapi. Askari anayepelekwa leo kwenye kituo kipya, katika mji asioujua, na aanze kwa swali hilo hilo.